Kilo Zinaporudi: Miaka 11 Baada ya Kupunguzwa Tumbo

Mkanda wangu wa ngozi una matundu tisa. Matano ulikuja nayo kutoka dukani. Manne niliyatoboa mwenyewe kwa msumari niliouchoma kwenye moto, kila moja likiachana na mwenzake kwa upana wa vidole vitatu, mwaka ule wa kwanza baada ya upasuaji. Kila nilipotoboa tundu jipya nilimwita mke wangu aje aone, naye aliacha alichokuwa akifanya akaja. Leo nafungia tundu la nane. Katikati hapo nilirudi hadi la sita, na huko kurudi ndiko ninakotaka kukuandika, maana simulizi nyingi za upasuaji wa kupunguza uzito huishia pale mtu anapofunga tundu la mwisho na kupigwa picha.

Nilipasuliwa nikiwa na kilo 134. Nilikuwa na kisukari cha aina ya pili, nilikuwa na presha, na usiku pumzi zilinikatika usingizini hata mke wangu akazoea kunisukuma ubavu bila yeye mwenyewe kuamka. Nilikuwa nimeshapungua na kunenepa tena mara tano, kila mara kwa mpango mpya wa kula na kwa viapo vilevile. Daktari wa upasuaji alinichorea kwenye karatasi kitakachofanyika: sehemu ya juu kabisa ya tumbo inatengwa, kinabaki kijifuko cha kuchukua kama mililita 30, yaani vijiko viwili vya chakula. Utumbo mdogo unakatwa, ncha yake moja inapandishwa na kushonwa kwenye kijifuko hicho, hivyo chakula kinaruka sehemu kubwa ya tumbo pamoja na mwanzo wa utumbo. Kuna upasuaji mwingine, ambao siku hizi ndio unaofanywa zaidi duniani, wa kukata tumbo kwa urefu na kuondoa kama asilimia 80 ya tumbo lote, linalobaki likawa jembamba kama mrija. Mimi sikufanyiwa huo, lakini ninayoyaeleza hapa wenzangu wa mrija nao wanayajua.

Alipomaliza kuchora aliniambia kwamba nitakuwa mgonjwa wao maisha yangu yote. Niliitikia kwa kichwa. Nilichokisikia siku ile ni kilo zitakazoondoka tu. Hilo la maisha yote lilipita.

Upasuaji wa namna hii si jambo la jana. Mwaka 1966 daktari Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, aliufanya mara ya kwanza baada ya kuonekana kwamba watu waliokatwa sehemu ya tumbo kwa sababu ya vidonda walikonda na kubaki wembamba. Kwa miaka mingi madaktari waliamini kwamba siri ni udogo wa tumbo: chombo kidogo, chakula kidogo. Baadaye wakagundua kwamba mambo ni zaidi ya hapo, na hayo ya zaidi ndiyo yaliyonipa mwaka bora kuliko yote niliyowahi kuishi na mwili wangu.

Njaa iliondoka. Naomba msomaji ambaye hajawahi kuishi na njaa yangu anielewe. Tangu nikiwa mtoto nilikuwa na sauti kichwani iliyouliza nitakula nini, lini, na kitabaki kiasi gani. Nilimaliza sahani huku macho yakiwa kwenye sufuria. Wiki mbili baada ya upasuaji niliketi mezani na yai moja la kuchemsha, nikalikata vipande vidogo, nikala nusu, nikaweka uma chini. Sikuwa najizuia. Nilikuwa nimeshiba, na nusu nyingine ya yai ilikuwa pale mbele yangu haina neno na mimi. Nilitokwa na machozi. Mke wangu alidhani nimeumwa.

Sayansi yake nimeielewa baadaye. Chakula kinapofika haraka kwenye sehemu za chini za utumbo, utumbo humwaga homoni kadhaa, mojawapo ikiitwa GLP-1, zinazouambia ubongo kwamba mlo umetosha, na zinazoisaidia kongosho kutoa insulini, ile inayoshusha sukari ya damu. Ndiyo maana sukari yangu ilishuka ndani ya siku chache, kabla hata uzito haujapungua wa kuonekana. Kwa waliokatwa tumbo likawa mrija kuna jambo jingine: sehemu iliyoondolewa ndiyo yenye kutoa kwa wingi grelini, homoni ya njaa ambayo Masayasu Kojima na Kenji Kangawa waliigundua Japani mwaka 1999.

Nilikuwa pia na mlinzi mkali. Mwezi wa nne nilijaribu kipande cha keki kwenye sherehe, na kabla ya robo saa kuisha nilikuwa nimelala sakafuni bafuni, jasho jembamba usoni, moyo unakwenda mbio, tumbo linasokota. Sukari ikiingia utumboni kwa kishindo namna ile, mwili huvuta maji mengi kuifuata, na mtu huona dunia inazunguka. Baada ya siku hiyo keki ikipita mbele yangu mkono wenyewe ulikuwa hauendi.

Basi nikashuka. Mwezi wa sita kilo 106, mwisho wa mwaka 90, mwezi wa kumi na nane 84. Presha ikatulia, dawa za sukari zikasimamishwa, mke wangu akalala usiku kucha. Ngozi ilining'inia tumboni na mapajani na bado inaning'inia; sina la kuilalamikia sana. Watu walinisimamisha njiani wakitaka niwaambie siri. Niliwaambia ni nidhamu. Nilisema hivyo kwa moyo mweupe kabisa, na neno hilo ndilo lililokuja kunihukumu.

Mwezi wa ishirini na mbili, saa nane za usiku, niliamshwa na tumbo kunguruma. Nilisimama jikoni, mlango wa friji wazi, mwanga wake kwenye miguu yangu, nikisikiliza. Nilikuwa nimeisahau sauti ile. Nikafunga mlango bila kula kitu, nikarudi kitandani, nikamwambia mke wangu kwamba nilikwenda kunywa maji. Huo ulikuwa uongo wa kwanza, na sikuwa nimekula hata tonge. Nilichokificha ilikuwa njaa yenyewe, kana kwamba kuona njaa ni kosa.

Kama mtu angekuwa amenikalisha chini akanieleza kinachotokea, nadhani ningeokoa miaka minne. Kwa hiyo nakueleza wewe.

Mwili hauhesabu kilo zilizotoka kama ushindi, unazihesabu kama hasara. Mafuta yenyewe hutoa homoni iitwayo leptini, ambayo Jeffrey Friedman na wenzake waliigundua New York mwaka 1994. Mafuta yakipungua, leptini hupungua, na ubongo huisoma hali hiyo kama njaa ya ukame: huongeza hamu ya kula na kubana matumizi. Mwaka 2016 Kevin Hall na watafiti wenzake Marekani waliwapima watu 14 waliokuwa wamepungua sana katika shindano la televisheni, miaka sita baada ya shindano kuisha. Wengi walikuwa wamerudisha sehemu kubwa ya uzito, na bado miili yao wakiwa wamepumzika ilikuwa inaunguza karibu kalori 500 pungufu kwa siku kuliko inavyotarajiwa kwa watu wa ukubwa wao. Wale hawakupasuliwa. Upasuaji hulainisha upinzani huu wa mwili, na ndiyo maana matokeo yake yanaishinda mipango ya kula peke yake kwa mbali. Kuulainisha, lakini, si kuuondoa. Kijifuko na maungio yake vinaweza kutanuka kidogo kidogo kwa miaka. Utumbo unazoea. Na yule mlinzi wangu wa keki, mwaka wa tatu, alikuwa amelala.

Kwamba uzito hurudi kiasi, hilo limejulikana muda mrefu. Utafiti mkubwa wa Uswidi ulioanza mwaka 1987 chini ya Lars Sjöström uliwafuatilia maelfu ya watu kwa miaka mingi sana. Waliofanyiwa upasuaji kama wangu walifika chini kabisa kati ya mwaka wa kwanza na wa pili, wastani wa asilimia 32 chini ya uzito walioanza nao. Kisha mstari ukapanda taratibu, na mwaka wa kumi wastani ulikuwa asilimia 25. Baada ya hapo ukatulia. Hebu ufikirie mchoro huo: unashuka, unapanda kidogo, unalala. Huo ndio upasuaji unaofanya kazi yake. Mimi nilikuwa nimechorewa kichwani mstari wa kushuka tu.

Mwaka wa nne baba yangu alifariki. Sikuwahi kujua kulia bila kula; nimeligundua hilo nikiwa na miaka 43. Kijifuko kilinizuia kula sahani nzima ya nyama, kwa hiyo nikajifunza kudonoa. Droo ya pili ya meza yangu ya kazini ilikuwa na pakiti ya biskuti. Nilichukua moja, nikaichovya kwenye chai, ikalainika, ikateleza. Nusu saa baadaye nyingine. Chakula laini namna hiyo hakikai kwenye kijifuko, kinapita kama maji, na kule kushiba kwa ghafla kunakokuja na kipande cha kuku hakuji kabisa. Jioni pakiti imekwisha na sijala mlo hata mmoja ambao ungeweza kuniita mlafi. Nilikuwa naikunja karatasi ya pakiti mara nne, mpaka inakuwa ndogo kama stempu, naiweka mfuko wa shati, naitupa njiani mbali na nyumbani.

Kilo nne zikarudi. Kisha saba. Mkanda ukatoka tundu la tisa.

Katika kipindi hicho nilikwenda kliniki ya ufuatiliaji. Sitaitaja hospitali, wala mtu. Aliyenipima aliangalia mizani, akaangalia faili, akasema mbele ya wengine wawili waliokuwa kwenye foleni: "Wewe si ulipasuliwa? Umeharibu kazi ya watu." Sikujibu. Nilivaa viatu vyangu. Sikurudi kwa miaka mitatu.

Nimelifikiria neno lile mara nyingi, na leo sina hasira na aliyelisema, pengine alikuwa amechoka. Lakini nasema bila kumung'unya maneno kwamba mtu yeyote anayefanya kazi na wagonjwa kama sisi, na akasema neno kama lile, anamsukuma mgonjwa nje ya mlango uleule ambao uhai wake unautegemea. Kwa sababu mimi niliamini. Nilikuwa nimewaambia watu kwamba kupungua kwangu ni nidhamu, basi kunenepa kwangu kungekuwa nini kama si utovu wa nidhamu? Hesabu ilikuwa imekaa sawa kabisa. Kwenye arusi ya mpwa wangu, mzee mmoja wa ukoo alinishika bega, akatabasamu, akasema, "Naona umerudi." Alikuwa na maana ya kwamba nina afya. Nilikwenda nyuma ya ukumbi nikakaa peke yangu mpaka chakula kilipokwisha.

Mizani ya nyumbani niliificha juu ya kabati. Na vidonge niliacha.

Hapa nataka nikae kidogo, maana jambo hili lina hatari kuliko kilo. Aliyefanyiwa upasuaji kama wangu anatakiwa kumeza vitamini na madini maisha yake yote. Madini ya chuma hufyonzwa zaidi mwanzoni mwa utumbo mdogo, sehemu ambayo chakula changu hakipiti tena. Kalsiamu nayo ni hivyohivyo. Vitamini B12 inahitaji kitu kinachotolewa na tumbo ili ifyonzwe, na tumbo langu kubwa limetengwa halikutani na chakula. Tatizo ni kwamba ini huweka akiba ya B12 ya kutosha miaka kadhaa, hivyo ukiacha vidonge hakitokei kitu kesho wala mwezi ujao. Unajiona uko salama. Mimi nilijiona salama kwa karibu miaka mitatu. Kisha nyayo zikaanza kufa ganzi, kwanza usiku, halafu mchana, kama natembea juu ya magodoro. Ulimi ukawa mwekundu na laini, chumvi inauchoma. Nilipanda ngazi za ghorofa moja nikasimama kushika ukuta. Nikaanza kusahau majina ya watu ninaofanya nao kazi.

Ni mke wangu aliyenirudisha. Hakunisema. Aliweka ile mizani sakafuni, akapanda yeye kwanza, akasoma kilo zake kwa sauti, akasema, "Haya, baba, na wewe." Ilikuwa 103.

Mtaalamu wa lishe tuliyempata, katika kliniki nyingine, alikuwa binti mdogo kuliko nilivyotarajia. Nilianza kujitetea kabla sijakaa vizuri. Nilimwambia habari za biskuti, za msiba, za nidhamu iliyoniishia, kwamba nilifika 84 nikashindwa kukaa. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Kaka, siku unaingia chumba cha upasuaji ulikuwa na kilo ngapi?"

"134."

"Na leo?"

"103."

Akaandika 31 kwenye karatasi, akaizungusha kunielekea. "Mimi faili lako nalisomea hapa," akasema. "Hizi 31 hazijarudi, na ni miaka saba."

Asilimia 23. Nilikuwa karibu na ule wastani wa Uswidi, mimi niliyekuwa nimejificha miaka mitatu kama mhalifu. Sikuwa nimeshindwa kwa namna niliyodhani. Nilikuwa mgonjwa wa kawaida wa ugonjwa wa kudumu, ambaye amekosa matibabu. Tangu siku hiyo nimeacha kabisa kuhesabu kuanzia 84. Uzito wa chini kabisa ni mahali mwili ulipogusa ukiwa bado katika mshtuko, ukageuka. Ukiufanya ndio kipimo chako, kila asubuhi utaamka una deni.

Damu ilipopimwa, B12 ilikuwa chini kabisa na chuma vilevile. Nilichomwa sindano, nyingi mwanzoni, kisha kwa miezi. Ganzi ya mguu wa kulia iliisha. Ya kushoto imebaki kwenye vidole viwili vidogo, na daktari ameniambia huenda haitatoka, kwa kuwa mishipa ya fahamu ilikaa muda mrefu bila kitu. Ningependa msomaji mwenye mkoba wa vidonge alioutupa nyuma ya droo avisikie hivyo vidole viwili.

Walinipitisha pia mpira wenye kamera kooni kuangalia kijifuko. Kilikuwa kimetanuka kidogo, si cha kurekebishwa. Sukari yangu ilikuwa imeanza kupanda tena. Tukazungumza kuhusu dawa za sindano zinazoiga ile homoni ya GLP-1, ile ile ambayo utumbo wangu ulikuwa ukiimwaga kwa wingi mwaka wa neema. Mojawapo, semaglutaidi, iliidhinishwa Marekani kwa ajili ya kupunguza uzito mwaka 2021, na siku hizi madaktari huzitumia dawa hizi kwa watu kama mimi ambao uzito umewarudia. Nilikataa mara ya kwanza. Nilisema nimeshapasuliwa, sasa tena dawa, je mimi nitafanya nini mwenyewe? Daktari akaniambia presha yangu ya zamani ilitulizwa na dawa mbili kwa wakati mmoja, akauliza kama niliwahi kuona aibu na ile ya pili. Sikuwahi. Nikakubali. Naitumia mpaka leo, na najua kwamba nikiiacha hesabu itageuka: waliofuatiliwa baada ya kuisimamisha walirudisha karibu theluthi mbili ya uzito walioupoteza katika mwaka mmoja. Sioni ubaya wa dawa hapo. Naona ugonjwa wenyewe ulivyo.

Pombe situmii, kwa hiyo sina la kusimulia kutoka kwangu. Ila yeyote anayetumia ajue kwamba baada ya upasuaji huu pombe hupanda kichwani upesi na kwa nguvu zaidi, na kuna wanaoingia kwenye ulevi ambao hawakuwa nao kabla. Hili liulizwe kliniki bila woga.

Maisha yangu ya kila siku sasa yamejaa vitu vidogo. Naanza na protini, kuku au samaki au maharage, kwa sababu nafasi ni ndogo na mwili unadai angalau gramu 60 kwa siku. Natafuna mpaka chakula kinakosa umbo. Sinywi maji na chakula, nasubiri nusu saa. Kuna kengele moja niliyopewa na upasuaji ambayo haijalala hadi leo: nikikaribia kujaa napata kwikwi moja. Moja tu. Miaka ile ya kudonoa nilikuwa siisikii, kwa kuwa biskuti laini haziiamshi. Sasa naisubiri kama mtu anayesubiri kugongewa mlango, na ikija naweka uma chini, hata kama kilichobaki ni kipande kimoja kizuri. Jumamosi asubuhi napanda mizani, naandika, nashuka. Nanyanyua vyuma mara tatu kwa wiki, maana misuli hupotea pamoja na mafuta na nisingependa kuipoteza zaidi. Vidonge viko kando ya mswaki.

Droo ya pili kazini ina kalamu. Bado kuna siku naifungua.

Niseme wazi kwamba huzuni ya baba haikuisha kwa protini. Nilihitaji mshauri nasaha, nikaenda kwa miezi minane, na naamini kliniki yoyote inayokata matumbo bila kuwa na mtu wa kusikiliza watu inafanya nusu ya kazi. Mimi nilikuwa nimeuzoea mdomo kama mahali pa kupelekea kila kitu. Nilipokosa mahali hapo, ilinibidi nijifunze nikiwa mtu mzima mambo ambayo wengine wameyajua tangu utotoni: kumpigia mtu simu, kutembea, kulia tu.

Leo nina kilo 94. Ni 40 chini ya nilipoanzia, karibu asilimia 30, mwaka wa kumi na moja. Sukari iko sawa bila dawa nyingine. Nalala. Ule utafiti wa Uswidi, katika matokeo yaliyotolewa mwaka 2020, ulionyesha kwamba waliopasuliwa waliishi wastani wa miaka mitatu zaidi ya wenzao wenye unene uleule ambao hawakupasuliwa, ingawa bado walikuwa nyuma ya watu wa kawaida kwa zaidi ya miaka mitano. Nimezikubali namba zote mbili. Miaka mitatu ni mingi ukiwa na watu unaopenda kukaa nao.

Kuna mtu tulipasuliwa wiki moja. Vitanda vyetu viliachana kwa meta mbili, na usiku wa kwanza, wote wawili tukiwa hatuwezi kugeuka, tuliongea mpaka nesi akatukemea. Miaka miwili ya mwanzo tulitumiana namba za mizani kila Jumapili. Mwaka wa tatu alianza kuchelewa kujibu. Mwaka wa tano simu yake iliita bila kupokelewa, na mimi, ambaye nilikuwa najificha vilevile, nilishukuru kwamba hakupokea.

Mwezi uliopita nilimpigia tena. Nilipiga mara mbili kwa siku, siku nne mfululizo. Siku ya tano alipokea. Tuliulizana watoto, kazi, wazazi. Kisha kukawa na ukimya, nikajua ni wa nini, kwa hiyo nikaanza mimi.

"Ndugu yangu, mimi zilinirudia kilo 19."

Nilisikia anahema. Nadhani aliondoka alipokuwa amekaa, maana nilisikia mlango ukifungwa.

"Mimi 26," akasema kwa sauti ya chini.

"Vidonge unameza?"

Hakujibu.

"Miguu yako ikoje?"

"Usiku," akasema, "inakufa ganzi."

Nikamwambia kliniki yangu ni Jumanne, saa mbili asubuhi, na kwamba nitampitia saa moja.